Mechi Iliyokatika Jumapili: Kisa cha Fundi wa Mwanjelwa na Mwalimu wa Kilolo

Kisa hiki ni cha mwaka 2024. Wahusika wake wawili wakuu wamekubali kiandikwe mradi majina yao yasitajwe. Mimi niliingizwa humo na admini wa ligi, aliyeniomba nisikilize pande zote kwa kuwa mimi ni mtu mzima kuliko wengi kundini na sikuwa na timu iliyobaki kwenye mashindano.

Ligi yenyewe ni ya eFootball, gemu ya mpira wa miguu, ya simu. Wachezaji wametapakaa kuanzia Tukuyu na Mbeya mjini hadi Makambako, Njombe na Iringa, na wengi hawajawahi kuonana. Kiingilio ni shilingi 2,000. Bingwa anachukua fungu kubwa, wa pili anapewa bando. Kila kitu kinafanyika kwenye grupu la WhatsApp: ratiba hutolewa humo, wawili wanapatana saa, mmoja anafungua chumba cha mechi na kumtumia mwenzake namba, na filimbi ya mwisho ikilia mshindi anapiga skrinishoti na kuituma. Grupu hilohilo ndilo jukwaa la mashabiki, kwa hiyo anayefungwa anajua kabisa kwamba atasemwa.

Kanuni mojawapo inasema anayekata neti kabla mechi haijaisha amefungwa 3–0 mezani. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu. Msimu wa kwanza watu walichomoa hovyo: bao la tatu likiingia, mtu anazima data, kisha anakuja na hadithi ya umeme hata siku ambayo mtaa mzima ulikuwa na taa. Aliyekuwa anaongoza alibaki na skrinishoti ya mechi isiyo na mwisho, na mabishano yalikesha. Ushindi wa mezani ulimaliza ugomvi huo ndani ya wiki chache tu, na kila mtu aliupenda.

Nusu fainali ilimkutanisha fundi simu wa Mwanjelwa, Mbeya, kijana wa miaka 23, na mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kilolo, Iringa, mwenye miaka 36. Umri huo hakuna aliyeujua kundini. Mwalimu alionekana kwa jina la timu yake na picha akiwa amevaa kofia ya sufu, kama wanavyovaa watu wa kule kwenye baridi. Fundi alimdhania mwanafunzi wa chuo.

Walipanga kucheza Jumapili tarehe 12 Mei, saa nne na nusu asubuhi. Fundi alikuwa ametoka ibada ya kwanza. Mwalimu alikaa nje ya nyumba, upande wa mteremko ambako mtandao unashika vizuri. Ilipofika dakika ya 70 na kitu, fundi alikuwa anaongoza 2–1, na kwa maelezo ya wote wawili mwalimu ndiye aliyekuwa anashambulia. Picha ikaganda. Ikarudi kidogo, ikaganda tena. Kisha simu ya fundi ikamwambia mpinzani wake hayupo.

Fundi akapiga skrinishoti na kuandika: "Dogo kakimbia. 3–0 mezani, aletwe mwingine." Akaweka vicheko.

Meseji zilizofuata ndizo nilizokaa nazo muda mrefu, nikizisoma moja baada ya nyingine. Za mwanzo zilikuwa za kawaida: amechomoa, mchangieni bando, kocha kasusia. Kisha mmoja akachukua picha ya mwalimu ya kofia ya sufu, akaigeuza stika ya mtu anayetimua mbio, na stika ikazunguka. Baadaye mchezaji wa Makambako akaandika: "Msimwandame sana, Mhehe huyo, kamba haiko mbali." Watu wakacheka. Fundi naye aliweka kicheko chini ya meseji ile. Kabla ya saa sita mchana admini alikwisha kuandika matokeo: 3–0, fundi yuko fainali. Katika muda wote huo hakuna hata mmoja aliyempigia mwalimu simu ya kawaida, ingawa namba yake ilikuwa palepale kundini.

Asubuhi hiyohiyo nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na Nape Nnauye, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, akautangazia umma. Mechi ya moja kwa moja inataka simu mbili zipashane habari mara nyingi kila sekunde. Meseji ya maandishi inaweza kungoja ikapenya baadaye, mechi haiwezi. Tena makali hayakuwa sawa kila mahali. Mitandao iliyokuwa na njia nyingine ya kutokea nje ya nchi ilijikongoja, mingine ikabaki imelala. Fundi alikuwa kwenye ule uliojikongoja, mwalimu kwenye ule uliolala. Ndiyo maana fundi hakuona dalili yoyote ya tatizo kubwa: meseji zake zilikwenda, kwa kuchelewa lakini zilikwenda, na za wenzake zilikuja.

Mwalimu alipata intaneti Jumatatu. Kila kilichosemwa tangu jana yake kilimwagika kwenye simu yake kwa mara moja, stika, vicheko na ile meseji ya kamba, akavisoma wakati wa mapumziko akiwa kwenye ofisi ya walimu. Akaandika: "Intaneti ilikatika. Hongereni." Akatoka kwenye grupu.

Admini alipoona tangazo la waziri na kulinganisha saa, akashtuka. Hapo ndipo aliponitafuta.

Nianze na suala la ushahidi, maana kundini ndilo lililobishaniwa kuliko yote. Simu haioni nia. Mtu aliyezima data kwa hasira, aliyeishiwa bando, aliyepigiwa na mama yake mzazi, na aliyekatikiwa na waya wa baharini, wote wanaonekana sawasawa upande wa pili: mpinzani hayupo. Fundi aliniambia, na ninamwamini, kwamba hakuwa na shaka hata kidogo. Aliona mtu anafungwa, akaona ametoweka, akaunganisha. Hata hivyo palikuwa na kitu kingine cha kuunganisha, nacho kilikuwa wazi kwa kila mwanakundi. Hatua ya makundi mwalimu alipigwa 4–0 na kijana wa Uyole, akacheza hadi filimbi ya mwisho, akatuma matokeo yeye mwenyewe kabla ya mshindi, akaandika "gg, umenizidi," yaani mechi nzuri. Anayemaliza mechi ya nne bila hana sababu ya kuikimbia ya 2–1 aliyokuwa anashambulia. Kumbukumbu hiyo ilikuwa kwenye simu ya kila mmoja, juu kidogo tu ya vicheko. Haikutafutwa.

Kuhusu kanuni, siungi mkono waliotaka ifutwe. Tukiifuta, wachomoaji watarudi wiki hiyohiyo. Kasoro yake ilikuwa haraka: ilitoa hukumu kabla ya mtuhumiwa kupata nafasi ya kusema neno, na ikampa mshindi haki bila kumwuliza kama anaitaka. Mashabiki wa Arsenal wa umri wangu wanakumbuka Februari 1999, raundi ya tano ya Kombe la FA dhidi ya Sheffield United. Mpira ulitolewa nje ili mchezaji aliyeumia atibiwe. Uliporushwa ili warudishiwe Sheffield kama uungwana unavyotaka, Nwankwo Kanu wa Arsenal, aliyekuwa mgeni uwanjani siku ile, akaukimbilia na kumpasia Marc Overmars, aliyefunga. Bao lilikuwa halali kwa sheria zote za mpira na mwamuzi hakuwa na namna ya kulikataa. Arsenal walishinda 2–1. Mechi ilipoisha kocha Arsène Wenger akasema wako tayari kurudia. Ikarudiwa siku kumi baadaye, wakashinda tena 2–1. Ninachokipenda katika tukio lile ni kwamba Wenger hakungoja kulazimishwa. Sheria ilikuwa upande wake, na aliona kwamba ushindi wa namna ile asingeweza kumtazama nao mwenzake usoni. Fundi naye alikuwa na sheria upande wake. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba kuidai haki hiyo si lazima.

Sasa utani, ambao kwangu ndio kiini cha kisa.

Mchezaji wa Makambako nilipompigia alijitetea kwa neno moja: utani. Wahehe wanataniwa hivyo nchi nzima, kwamba wakiudhiwa kidogo hujinyonga, akasema, mbona leo imekuwa kesi? Ni kweli utani huo upo na ni wa siku nyingi. Watu huuhusisha na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejipiga risasi mwaka 1898 ili asiangukie mikononi mwa Wajerumani. Uamuzi wa mtu mmoja aliyekuwa amezingirwa vitani umegeuzwa kuwa tabia ya kabila zima, na unarushwa kwa mtoto wa shule, kwa dereva, kwa yeyote anayetoka Iringa akikunja uso.

Lakini utani tuliorithi una pande mbili, na mtandaoni tumebeba upande mmoja tu. Chukua Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali karne ya 19 na leo ni watani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kufika msibani akamwigiza marehemu jinsi alivyokuwa anatembea, akazuia maiti isiteremshwe hadi apewe chochote, akawatukana wafiwa na wakacheka huku wanalia. Mtu huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Ndiye anayechota maji, anayepasua kuni, anayebaki usiku wakati wengine wamekwenda kulala. Ruhusa ya kusema ameilipia kwa kazi, na kazi hiyo ndiyo inayomfanya ajue nyumba hii ina donda wapi, kipi kinacheka na kipi kinachoma.

Mwalimu alizika mdogo wake miaka michache iliyopita. Kijana yule alijiua. Mwalimu alinieleza kwenye simu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja shule anayofundisha, na akaniruhusu kuliandika. Kule kijijini kila mtu anajua, na tangu msiba ule hakuna jirani wala mtani aliyewahi kutamka utani wa kamba mbele yake. Hawakuambiwa na mtu. Walikuwepo kuzika, basi.

Mchezaji wa Makambako hakuwepo, na hakuwa na namna ya kujua. Hilo nimelikubali na nilimwambia. Nilimwambia pia kwamba kutojua ndiko kulikopaswa kumfunga mdomo. Usiyemjua nyumba yake huwezi kuwa mtani wake. Unaweza kuwa mpinzani wake, na mpinzani ana mambo mengi ya kutania yaliyo ndani ya mechi: kipa wake, pasi zake, ile penalti aliyopaisha. Hapo hakuna anayeumia kupita kiasi. Ukitoka kwenye mechi ukaingia kwenye kabila la mtu, sura yake au familia yake, umeingia nyumba ambayo hukubisha hodi.

Kuna waliopendekeza utani wote upigwe marufuku kundini. Nilipinga. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi na mpira wetu ungekuwa na ladha gani bila hilo? Aliyepigwa tano asikie neno "mkono" hata kama hapendi. Ukipita kwenye banda la gemu Mwanjelwa jioni utasikia maneno makali kuliko yote yaliyoandikwa ile Jumapili. Ila pale anayefungwa anamkabidhi mwenzake pedi mkono kwa mkono, anabaki amesimama nyuma ya kiti akisubiri zamu yake, na wanaomtania wanauona uso wake. Akinyamaza kwa namna fulani, mmoja atabadilisha mazungumzo au atamnunulia soda. Mwalimu alinyamaza siku nzima na watu wakakichukua kimya hicho kuwa ushahidi wa kosa.

Mjumbe mmoja alitaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumnyanyasa au kumsababishia maumivu ya moyo. Mwalimu hakutaka kusikia habari za polisi, na sikuona sababu ya kumsukuma.

Alichotaka kilikuwa kidogo mno: stika ifutwe, na aliyesema amekimbia aseme kwamba hakukimbia, kundini, mbele ya walewale waliocheka. Nusu fainali hakuitaja.

Fundi alimpigia Jumatano jioni. Wote wawili wamenisimulia na masimulizi yao yanalingana. Nilikuwa nimemwambia fundi umri wa mwalimu, kwa hiyo alianza kwa shikamoo.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi wa Mwanjelwa, mwalimu. Wa nusu fainali."

Mwalimu anasema alifikiria kukata.

"Naomba unisamehe. Nilikuita dogo, na nikaandika umekimbia. Sikujua, mwalimu."

"Umri wangu hukujua, sawa. Lakini kwamba nimekimbia, ulijuaje?"

Fundi hakuwa na jibu na hakujaribu kulitunga. Akasema hakujua. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba aliseme: kwamba kwenye ile meseji ya kamba yeye pia aliweka kicheko. Hapo mwalimu ndipo alipomwambia habari za mdogo wake. Fundi akasema, "Pole sana, kaka." Wakaongea kwa muda, baadaye hata kuhusu mechi, na fundi akaomba irudiwe kuanzia 0–0.

Nimesikia watu wakisema kijana alijishusha mno. Mimi namheshimu zaidi kwa simu ile kuliko kwa mabao yote ya msimu. Angeweza kuandika "samahani kama nimekukwaza," maneno mepesi yanayotumwa kila siku na kuacha donda lilivyo. Alitaja kosa kwa jina lake, likiwemo lile dogo ambalo lingepita bila kuonekana.

Usiku ule aliandika kundini kwamba mechi ilikatika kwa hitilafu ya nyaya, kwamba mwalimu hakuchomoa, na kwamba yeye ameachia ushindi wa mezani. Admini akafuta matokeo. Mechi ilirudiwa wiki iliyofuata intaneti ilipotulia. Mwalimu akashinda 3–1, na aliyetuma skrinishoti ni fundi. Fainali mwalimu alifungwa kwa penalti na yule yule kijana wa Uyole. Kundini alikubali kurudi, ingawa siku hizi anaandika kwa nadra.

Kanuni sasa inasema mechi ikikatika, mshindi wa mezani hatangazwi kabla ya saa 24, na ni wajibu wa mpinzani mwenyewe kupiga simu ya kawaida kwanza. Picha ya mtu haigeuzwi stika bila ruhusa yake. Admini ameongeza jingine ambalo mwanzoni nililitilia shaka: kwenye mechi za mtoano grupu linafungwa kwa saa moja baada ya matokeo, waweze kuandika admini peke yao. Nililiona kama kuwafunga watu midomo. Lakini Riot Games, wenye gemu ya League of Legends, waliwahi kuzima mazungumzo kati ya timu pinzani, ila anayeyataka ayawashe mwenyewe. Lugha chafu ikapungua kwa karibu theluthi moja, wakati kiasi cha mazungumzo hakikupungua. Yule anayelazimika kunyoosha mkono ili aseme hupata nafasi ya kufikiri anachokwenda kusema. Kwetu imesaidia. Vicheko vya saa moja baadaye vimepoa na vingi vinahusu mpira.

Kimebaki kipengele kimoja ambacho mimi na admini hatujakubaliana. Mchezaji wa Makambako alifuta ile meseji, akaandika kundini kwamba "yaliyopita si ndwele," na ameshatuma kiingilio cha msimu mpya. Admini anaona inatosha. Ni mchezaji mzuri na analipa kwa wakati. Nimemwambia kwamba ningekuwa mimi, pesa yake ningemrudishia hadi siku atakapopiga simu Kilolo. Namba anayo.